Naomba ushauri: nimetakiwa nikaseme uzinzi uwe jinai, kalamu inagoma

Kalamu Kavu (mleta mada)
Habari zenu wanajamvi. Mnivumilie, uzi ni mrefu kidogo.

Mwaka jana nilimfumania mume wangu. Sitaingia kwa undani, simu ndiyo iliyomuumbua. Ilikuwa mezani, imelazwa kifudifudi, ikatetemeka na kutetemeka mpaka ikajisogeza yenyewe kufika ukingoni. Niliidaka isivunjike. Nia yangu ilikuwa hiyo tu, kuiokoa simu. Tumeachana, watoto ninao mimi.

Sasa kuna kundi la akina mama wenzangu wanataka itungwe sheria: mwanandoa akizini ashitakiwe, akipatikana na hatia afungwe. Nilikuwa wa kwanza kuweka sahihi. Wiki ijayo wanataka nisimame mbele ya kamati ya wabunge nieleze yaliyonipata, eti kwa sababu naongea vizuri na silii ovyo. Tangu nikubali usingizi umenihama. Hotuba nimeiandika mara tatu na mara tatu nimeichana. Kila nikifika pale pa "afungwe" namwona baba wa wanangu, halafu najiuliza, hivi ni kazi ya serikali kujua nani kalala na nani? Nikikiacha kifungo, naona kama namwachia hivihivi.

Niende au nisiende? Mnaotaka kunitukana, tukaneni kwa hoja.

Nakaa Pembeni
Nimevuta kiti. Ngoja waje wenye ujuzi.

Ngumi Jiwe
Dada nenda, tena uende kifua mbele. Anayeiba simu analala ndani, anayeiba ndoa ya mtu anaoa tena! Na hao wanaosema ndoa ni siri ya watu wawili, waulizeni cheti kilitoka wapi. Kilifungwa mbele ya mashahidi, serikali ikagonga muhuri. Siku ya muhuri ilihusika, siku ya machozi iseme haihusiki?

Fundi Saa
Hapo kwenye muhuri Ngumi Jiwe umegonga penyewe, nakiri. Ila ndoa ni makubaliano, na makubaliano yakivunjwa mlango wake ni madai: talaka, mgawanyo wa mali, matunzo ya watoto. Jinai ni mlango mwingine. Ukiupitia, kesi si yako tena, ni ya Jamhuri. Polisi atataka ushahidi, na ushahidi wa ugoni unapatikana wapi kama si kwenye shuka na kwenye simu? Na simu zitakazokaguliwa si ya jamaa peke yake. Hata yako, kuona kama ulimchokoza.

Wakili Mzee
Mwanangu, pole sana. Swali lako limeshawapa watu wazima ugomvi wa miaka mingi. John Stuart Mill, mwanafalsafa wa Uingereza, aliandika mwaka 1859 kwamba jamii haina haki ya kumlazimisha mtu mzima isipokuwa kuzuia asidhuru wengine. Faida yake mwenyewe haitoshi kuwa sababu. Mwaka 1957 kamati ya Wolfenden kule Uingereza, iliyochunguza sheria za ushoga na ukahaba, ikasema lazima libaki eneo la maadili binafsi ambalo sheria haliihusu. Jaji Devlin akaja juu mwaka 1959: jamii inashikwa na maadili ya pamoja, ukiyaachia inabomoka, kwa hiyo ina haki ya kujilinda. Hart, profesa wa sheria, akamjibu kwamba jamii kubadilika si sawa na jamii kufa.

Kwa haki, Mill peke yake hamalizi kesi yako. Wewe umedhuriwa. Kwa hiyo usibishane kama kuna madhara, uliza kama jela ndiyo dawa ya madhara yenyewe.

Tazama waliojaribu. Korea Kusini ilikuwa na sheria hiyo tangu 1953, kifungo hadi miaka miwili. Mahakama yao ya katiba iliitetea mara nne, mara ya tano, Februari 2015, ikaifuta. Kule ilikuwa huwezi kumshitaki mwenzi wako mpaka uwe umefungua talaka, kwa hiyo watu wakaigeuza fimbo ya kukamulia fedha: nilipe au nikufunge. India ndiyo kiroja kabisa. Kifungu chao cha 1860 kilimwadhibu mwanaume tu, na mwenye haki ya kulalamika ni mume wa yule mwanamke. Mume akiridhia, hakuna kosa! Mke aliyesalitiwa, mtu kama wewe, hakuwa na pa kushitaki. Mahakama yao ya Juu ilikitupa mwaka 2018. Talaka kwa sababu ya uzinzi ikabaki palepale.

Ngumi Jiwe
Mzee heshima yako. Lakini sheria hata isipofunga mtu inafundisha.

Fundi Saa
Inafundisha pia kujificha. Marekani walipiga marufuku kutengeneza na kuuza pombe 1920 hadi 1933. Kunywa kwenyewe hakukuwa kosa! Magenge yakaneemeka.

Binti Zamoyo
Nyie akina "ya chumbani yaachwe chumbani" mnanitisha. Nimekulia nyumba ambayo majirani waliongeza sauti ya redio mama akipigwa. Wote walijua. Wote walisema ni mambo ya ndani. Uingereza hiyohiyo ya Mill, mpaka 1991 ndipo majaji wa juu kabisa wakatamka wazi kwamba mume hana kinga akimbaka mkewe. Faragha ni nzuri, lakini kwanza ulizeni ni ya nani.

Wakili Mzee
Umesema kweli, binti yangu, na ningepaswa kuanza na hilo. Ndiyo maana mimi siangalii mlango kama umefungwa, naangalia kama aliyeko ndani ameridhia. Kipigo hakina ridhaa, sheria iingie hata usiku wa manane. Usaliti ni ahadi iliyovunjwa.

Kalamu Kavu
Nimesoma yote, mengine mara mbili. Binti Zamoyo, redio hiyo nimeisikia.

Niwe mkweli: kilichonimaliza si kile kitanda. Ni akiba yetu aliyoipeleka huko bila mimi kujua, na miezi niliyokimbizana naye kwa ajili ya matunzo, naambiwa njoo kesho, faili halionekani. Kumbe haya yote sikuyaandika hata kwenye hotuba moja kati ya zile tatu.

Nitaenda. Hayo ndiyo nitakayoyasema, na hapo ndipo nitakapowaomba sheria iwe na meno. Kifungo nakitoa. Wenzangu nimewapigia, mmoja kanikatia simu. Ngumi Jiwe, najua umekasirika.

Ngumi Jiwe
Sijakasirika. Nimenuna tu. Hayo ya matunzo yaseme kwa ukali.

Wakili Mzee
Pale unapomtaja kwa jina, andika "mwenzi wangu". Kumbukumbu za kamati hubaki, na wanao watajua kusoma.

Kalamu Kavu
Nimelifuta sasa hivi, shikamoo mzee. Lilikuwa limeandikwa mara kumi na moja.