Ukoo wa Machame: Mama yuko Tanga

Mama: Bwana asifiwe wanangu. Nimefika salama. Mtoto ni wa kiume, kilo tatu na robo, mama yake mzima. Ndizi zangu mshare zimefika, ila mkono mmoja umepondeka kwenye buti la basi.

Kaka Mkubwa: Ameen. Hongera mama, hongera mdogo wangu 🙏🏾

Shangazi: Mungu ashukuriwe. Lakini wifi, roho bado inaniuma. Mkwe wa kwanza azalie kwao? Sisi wote tulikaa kwa mama mkwe miezi mitatu, mtori asubuhi, mtori jioni, hata ufagio hushiki.

Mama: Iliniuma na mimi wifi. Mbuzi nilishamtenga tangu mimba changa. Binti aliponiambia anaenda kwa mama yake, nilikata simu nikakaa jikoni nikalia. Kumbe kwao uzazi wa kwanza lazima arobaini imalizikie kwa mamake. Ningemzuia, angelia yule mama mwenzangu.

Dada: Anakula nini huko?

Mama: Uji wa pilipili manga, unawasha mpaka masikioni. Alfajiri anakandwa maji ya moto, halafu anafungwa tumbo kwa kanga. Leo mkwe mwenzangu kanishikisha ncha moja, ananiambia, "Vuta mkwe, usimwonee huruma." Tumevuta, yeye huku mimi kule, binti katikati anacheka na kuguna.

Dada: 😂 Maskini wifi yangu

Shangazi: Na mtori?

Mama: Nimeponda ndizi mwenyewe kwa mwiko niliotoka nao nyumbani. Mkwe mwenzangu akaomba tutie tui kidogo.

Shangazi: Tui kwenye mtori, wifi??

Mama: Nilisita, sitadanganya. Nikamwachia atie. Binti kamaliza bakuli mbili, na maziwa yanatoka vizuri, mtoto ananyonya mpaka anapaliwa.

Kaka Mkubwa: Mama, na yule mbuzi nimfanyeje?

Mama: Mlishe tu. Arobaini ikiisha wanakuja Machame. Atamchinja yule mzee jirani yetu Mwislamu, binti ale bila wasiwasi. Na kisusio, ile supu yetu ya damu, msimwekee mezani, damu kwao haramu.

Shangazi: Basi nitakuja kupika mimi hiyo siku. Bila tui.

Mama: Karibu wifi. Kaka Mkubwa, kesho nipakilie mkungu mwingine wa mshare kwenye basi la asubuhi. Huu unaisha, majirani nao wanaonja.