Mawakala mnaopeleka mabinti Oman kwa viza ya matembezi, uzi huu ni wenu

Wakuu, mnivumilie, nina hasira. Mpwa wangu, binti wa dada yangu wa Muheza, karudi kutoka Muscat. Karudi mzima, alhamdulillah, ila mikono mitupu na deni juu. Na yule wakala aliyempeleka bado anaweka matangazo kwenye status yake ya WhatsApp: nafasi za kazi Oman, viza ipo, uwe na pasi tu. Watu wanamwandikia "kaka nakuja PM". Ndiyo maana nimefungua huu uzi.

Binti aliahidiwa viza ya kazi, na alilipishwa kama mtu wa viza ya kazi. Pasi ya kusafiria laki moja na nusu, hiyo ni ya serikali, sina neno nayo. Lakini zikafuata hela za vipimo, ada ya ofisi, ada ya mkataba, na nyingine ambayo mpaka leo hakuna anayejua ilikuwa ya nini. Dada aliuza kipande cha shamba la michungwa. Viza yenyewe hakuoneshwa. Kila akiuliza anajibiwa iko njiani, ofisi ya Muscat inashughulikia. Alikuja kutumiwa PDF kwenye simu akiwa ameshafika uwanja wa ndege Dar, usiku, yuko kwenye foleni. Ikafuatana na ujumbe wa sauti: ukiulizwa na Uhamiaji sema unakwenda kumsalimia shangazi yako, neno kazi usilitaje.

Hapo ndipo damu yangu inapochemka. Binti hajawahi kupanda ndege, shamba limeshauzwa, mtaa mzima umeshamuaga, ameshika karatasi ya Kiarabu na Kiingereza dakika za mwisho. Nani angegeuka kurudi Muheza usiku ule? Wakala anajua kabisa kwamba hatageuka. Viza inacheleweshwa makusudi ili isisomwe. Ingekuwa ya kazi kweli, angeitoa wiki kadhaa kabla na kuitangaza mtaani.

Ilikuwa viza ya matembezi. Alipofika pasi ikachukuliwa, akapelekwa nyumba moja Seeb, hukohuko Muscat, akaanza kazi alfajiri mpaka usiku. Viza ikaisha akiwa jikoni kwa watu. Wakala akampigia dada yangu: mama, tuma hela nyingine, tunambadilishia viza iwe ya kazi hukohuko. Dada akakopa kwenye kikoba, akatuma.

Sasa sikilizeni vizuri. Kuanzia tarehe 31 Oktoba 2023, Polisi ya Oman, ambayo ndiyo inayotoa viza kule, ilisimamisha kubadilisha viza za matembezi na za utalii kuwa za kazi mtu akiwa ndani ya nchi. Sharti likawa utoke, mwajiri akuombee ya kazi ukiwa nje, uingie nayo. Ilitangazwa hadharani. Mpwa wangu alisafirishwa baada ya tangazo hilo. Kwa hiyo kubadilishiwa hukohuko ni kitu ambacho hakikuwepo, na mtu ambaye biashara yake ni Oman hawezi kuniambia hakujua. Hela ile ya pili ilikuwa wizi wa mchana.

Huku faini inahesabu. Oman ukizidisha muda kwenye viza ya matembezi ni rial 10 kwa kila siku, na rial moja ni karibu dola 2.6. Binti alikuwa analipwa rial 80 kwa mwezi, tena mwezi akipewa mwezi akinyimwa. Pigeni hesabu: siku nane za faini zinameza mshahara wa mwezi mzima. Yaani kila siku aliyofanya kazi ilizidi kumfunga. Hana kitambulisho cha mkaazi, hana mkataba uliosajiliwa popote. Mama mwenye nyumba alikuwa anamwambia waziwazi, nenda polisi ukashtaki, wewe ndiye utakayefungwa. Mpaka Watanzania wa Muscat, wengi wao Wazanzibari, walipochangishana akalipiwa na kurudi. Mungu awalipe, sina cha kuwapa.

Msije kuniambia "alijitakia" au "si angesoma". Aliyetakiwa kusoma ni aliyelipwa kusoma. Tukienda hospitali hatuambiwi tuisome wenyewe picha ya eksirei.

Tulikwenda kituoni kushtaki. Tukaambiwa hayo ni madai, fungueni kesi ya madai. Madai! Tuna Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu tangu mwaka 2008, na kumwajiri mtu kwa kumdanganya ili akatumikishwe imo humo. Wenzetu wa Falme za Kiarabu (Emirates) mwaka 2024 waliandika upya faini za anayeajiri mtu bila kibali, au anayemleta mfanyakazi halafu hampi kazi: dirham 100,000 mpaka milioni 1. Huko wanambana mwajiri wao. Huku kwetu wakala anabadilisha laini na kuhamisha ofisi kutoka ghorofa moja kwenda nyingine Kariakoo, imekwisha hiyo.

Na si Uarabuni tu. Naona sasa wanauza "kazi Poland" kwa viza ya Schengen, ile ya matembezi ya Ulaya ya siku 90. Ni mchezo uleule, bei tu ndiyo imepanda.

Kwa mwenye ndugu anayejiandaa: viza ya kazi ya Oman haiombwi na wakala wa Dar. Anaiomba mwajiri wa kule, baada ya kupata kibali cha Wizara ya Kazi ya kwao. Kwa hiyo mwajiri ana jina, na jina hilo lijulikane kabla hela haijatoka mfukoni. Viza ya Oman inaangaliwa kwenye tovuti ya viza ya Polisi ya Oman, bure. Akikwambia iko njiani, na safari nayo isubiri. Akikufundisha cha kudanganya Uhamiaji, hapo hakuna kazi, ondoka na pasi yako. Na muulize leseni ya uwakala, kisha uliza ofisi ya serikali ya huduma za ajira kama wanamtambua.

Ninachotaka hapa jukwaani ni viwili. Kwanza, aliyewahi kufungua kesi ya jinai dhidi ya wakala wa namna hii na ikafika mahakamani, aje aseme alianzia ofisi gani, maana sisi risiti za miamala tunazo, sauti zake tunazo, na dada yuko tayari kutoa ushahidi hata kesho. Pili, kama una mdogo wako au binti anayeondoka wiki hii, weka picha ya viza yake, funika jina na namba ya pasi. Wanaojua Kiarabu humu ni wengi, watamsomea kabla hajapanda ndege.