Wapenzi wa kauboi za mji wenye fitina tukutane hapa, tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi: Wakuu, habari za jioni. Siongelei kauboi za kukimbizana na farasi jangwani mpaka picha linaisha. Naongelea zile ambazo jamaa anaingia mjini na vumbi lake, na kabla hajamaliza glasi ya kwanza ameshajua sherifu ni wa nani na duka la bunduki ni la nani.

Mimi nimekulia kibanda umiza cha Magomeni, enzi za deki na mikanda iliyochakaa. Lililoninasa ni A Fistful of Dollars la 1964. Mji wa San Miguel una familia mbili, akina Rojo na akina Baxter, zote zinagombea magendo ya mpakani, na mzee Baxter ndiye sherifu mwenyewe! Clint Eastwood anaingia katikati, ndumilakuwili wa kiwango cha juu. Anachukua maiti za askari wawili, anaziegemeza kwenye kaburi makaburini, halafu anaziuzia familia zote mbili habari kwamba kuna askari walionusurika mauaji. Analipwa huku, analipwa na kule. Kibanda kizima kilikuwa kinapiga makofi kwenye ule uongo kuliko kwenye risasi.

Haya, lipi lilikugusa na kwa nini? Kila mtu na lake.

Mdau wa Songea: Mkuu, hilo picha mzizi wake ni Japani. Ni Yojimbo ya mwongozaji Kurosawa, 1961, samurai badala ya kauboi. Wajapani walidai haki yao na wakalipwa.

Mtendaji Mstaafu: High Noon, 1952. Vijana mtaniambia halina risasi za kutosha, na kweli hazipo mpaka mwishoni. Gary Cooper ni mlinzi wa sheria aliyefunga ndoa asubuhi hiyohiyo. Jambazi ambaye Cooper aliwahi kumfunga jela anarudi na treni ya saa sita mchana, wenzake watatu wanamsubiri stesheni. Picha zima ni mtu mmoja anazunguka mlango kwa mlango kuomba watu.

Sasa angalieni majibu anayopewa. Karani wa hoteli anataka jambazi arudi, maana enzi zake biashara ilichangamka. Naibu wake kanuna kwa sababu hakupewa cheo. Kule kanisani ndiko kuna uzito: mheshimiwa mmoja anasimama, anamsifu wee, halafu anamalizia kwamba wenye mitaji wa kaskazini wakisikia risasi hawataleta viwanda, kwa hiyo bora aondoke. Anafukuzwa kwa sifa!

Nilikuwa mtendaji wa kijiji miaka mingi. Tuliwahi kumkamata mwizi wa ng'ombe anayejulikana na kijiji kizima, na kwenye mkutano mikono ya kutoa ushahidi ilinyooshwa hadi watoto. Siku ya kesi nilikaa peke yangu kwenye benchi. Mmoja alikuwa na msiba, mwingine mgongo, mwingine alinipita barabarani na baiskeli akaniambia "tuko pamoja mtendaji." Nililiona picha hili baadaye, kwa mwanangu, na ile sauti ya kanisani niliitambua mara moja.

Chui wa Kibaha: Mzee umeongea. Ila kuna mtu hakulipenda kabisa: mwongozaji Howard Hawks. Yeye alisema sherifu wa kweli hazunguki kuomba raia msaada. Akatengeneza Rio Bravo, 1959, kuwajibu. John Wayne kajifungia jela na mlevi, kilema na kijana mmoja.

Mtendaji Mstaafu: Hawks hajawahi kukaa kijijini.

Mama Likoni: Wa Mombasa nipo. Nyinyi mwapenda za huzuni. Sisi nyumbani ilikuwa ni Terence Hill na Bud Spencer, They Call Me Trinity, 1970. Yule mnene, Spencer, ni mwizi wa farasi, lakini kavaa nyota ya sherifu, na mji wamtegemea yeye awalinde na tajiri ataka bonde la watu apate malisho. Marehemu babangu alikuwa hacheki ovyo, lakini Trinity, yaani Hill, akianza kula maharage kwenye sufuria, alikuwa hana hali.

Mchimbaji: Mimi nitatoa la peke yake: McCabe & Mrs. Miller, 1971, la Robert Altman. Wengi wanalala katikati, na nawaelewa, mwendo wake wa pole sana. Lakini mimi nimeishi machimboni kanda ya ziwa, siwezi kulala.

Inapotoka rashi, watu wanapokimbilia machimbo mapya, wiki ya kwanza ni maturubai tu. Anakuja mama ntilie, anakuja muuza gongo, halafu anatokea mtu mmoja mwenye maneno mengi anajenga gesti na baa ya mabati, huyo ndiye anakuwa mkubwa wa mji bila kupigiwa kura. McCabe ni huyo. Anatembea na sifa kwamba aliwahi kuua mtu, na hakuna aliyehakikisha. Altman alikuwa anaujenga ule mji huku anarekodi, kule Kanada, ndiyo maana unaona mbao mbichi na matope ya kweli.

Halafu kampuni ya madini inatuma watu wawili wenye suti kununua kila kitu. McCabe anaringa, anataka dau lipande. Wale wanaondoka kwa adabu kabisa. Wanaofuata hawana suti, wana bunduki.

Kwetu hakuna aliyepigwa risasi. Ila namkumbuka mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, jirani yangu, bwana mmoja wa mbwembwe, aliwaambia wageni warudi na "pesa ya kiume." Hawakurudi. Zilikuja karatasi, na yeye kusoma ilikuwa shida. Mara ya mwisho nilimwona anauza vocha stendi.

Kijana wa Mvomero: Open Range, 2003. Wafugaji wanaohamahama dhidi ya tajiri mwenye ranchi na sherifu wake mfukoni. Baba alikuwa mfugaji, hajui Kiingereza hata kidogo, aliangalia mpaka mwisho bila tafsiri. Swali lake lilikuwa moja: ng'ombe walinywa wapi maji?

Mwanzisha uzi: Mwambie mzee aangalie Once Upon a Time in the West, 1968. Baba na watoto wake wanauawa kwa sababu ya kisima. Reli inakuja, treni za mvuke zinahitaji maji, na mwenye shamba alishalijua hilo zamani.

Kijana wa Mvomero: Alishaliona. Alisema wangegawana zamu.