Naomba ushauri: ECC (mfumo wa kugundua na kusahihisha makosa ya memori) niiwashe kwenye RAM yote au sehemu tu?

Wakuu, naomba mawazo yenu. Natengeneza kifaa cha kukusanya vipimo kinachotakiwa kukaa miezi bila kuzimwa. Bodi yake haina chipu ya ziada kwa ajili ya ECC, kwa hiyo biti za ukaguzi zinakaa kwenye RAM ileile ya data.

Hapo ndipo kichwa kinaniuma. Utaratibu wa kawaida ni biti 8 za ukaguzi kwa kila biti 64 za data, yaani asilimia 12.5 ya ziada. Unasahihisha biti moja iliyogeuka na kugundua mbili. Nafasi hiyo naitoa bila kinyongo. Kinachonitesa ni kasi: programu ikiandika baiti moja tu, kidhibiti cha memori lazima kisome kipande kizima, kikokotoe ukaguzi upya, ndipo kiandike. Na programu yangu inaandika vitu vidogovidogo muda wote.

Nimefikiria kulinda keneli (kiini cha mfumo endeshi) na majedwali ya faili, bafa za vipimo (sehemu za muda za kuhifadhi data) ziachwe na CRC ya programu, yaani namba ya kuhakiki data. Lakini CRC inakwambia tu data imeharibika, hairudishi kitu. Kuna aliyewahi kugawa hivyo? Na ule ukaguzi wa kupitia memori taratibu, kusahihisha kosa moja kabla halijawa mawili kwenye neno lilelile (kipande kilekile cha biti 64), mnauendesha kila baada ya muda gani?

(Msiniambie nihamie RAM za kizazi cha DDR5 tu, ECC iliyo ndani ya chipu zake hailindi njia ya kwenda kwenye prosesa.)