Nimezoea Tanganyika, naalikwa kuzamia meli Scotland, baridi ntaiweza?

Mwisho_wa_Reli: Wakuu kwema? Mi nipo Kigoma, Katonga, nazamia samaki wa mapambo mwaka wa sita huu. Sasa bosi mmoja mzungu kanialika mwezi wa tano tukazamie meli za Wajerumani Scapa Flow, anasema maji digrii 8 au 9 hivi, na hapa yakifika 24 tu mi nikitoka natafuta chai. Wetisuti yangu, hii suti ya mpira ya kuzamia, itatosha? Na huko kuna samaki au vyuma vitupu?

dada_mbizi: Hiyo wetisuti iache uanikie dagaa 😂 Kule ni suti kavu, shingoni na mikononi mpira unabana maji hayaingii, ndani unajazia nguo kama unaenda Makete. Ila ukishuka hewa ya ndani inasinyaa suti inakuminya mpaka uongeze kwa kitufe cha kifuani, ukipanda unaipunguza, ukisahau inakurusha juu kama boya na watu wanapooza hivyo hivyo, so anzia maji mafupi kwanza. Halafu Markgraf, moja ya hizo meli za Wajerumani, imelala kama mita 45, na mita 40 tu mgandamizo ni mara 5 ya huku juu, mtungi wa saa nzima unaisha kwa dakika 12, na ukiwa na baridi unahema zaidi. Naitrojeni ya kwenye hewa ya mtungi nayo ukiwa chini hivyo inalewesha, mi mita 38 nilisoma geji mara tatu sielewi namba.

Mzee wa Ujiji: Mjerumani kwa kuzamisha meli zake! 1916 kaizamisha meli yake Goetzen hapa hapa kwetu, mashine kazipaka grisi kwanza, Mwingereza akaiibua 1924 ndo hiyo Liemba. Za Scapa walizamisha wenyewe 21 Juni 1919, 52 kati ya 74.

dada_mbizi: Shikamoo mzee, na nyingi ziliibuliwa wakauza chuma. Zile manowari kubwa tatu zilizobaki zimepinduka, unaona tumbo tu, giza la kijani, ila ukimulika tochi chuma chote kimeota anemone, viumbe wa baharini kama maua, nyeupe na za machungwa, na matumbawe laini meupe yaliyovimba, Waingereza wanayaita vidole vya maiti, na ukiyaona kweli vidole. Samaki wapo, ila rangi za kwenu usitegemee. Royal Oak, manowari ya Mwingereza iliyozama huko huko, msiisogelee, kaburi la mabaharia zaidi ya 800, marufuku.

Mwisho_wa_Reli: Asante dada. Sasa ndani ya hiyo suti mtu akibanwa mkojo?

dada_mbizi: Pampasi mkuu. Za wazee.