Cherehani kwa aliyekatwa mguu chini ya goti

Swali (Kasese): Hamjambo wakuu. Darasa letu la ushonaji lina mama aliyepoteza mguu kwa bomu la ardhini. Asubuhi mguu wa bandia unamkaa vizuri, kufika saa nane mchana unacheza na kigutu kinauma. Tumhamishie kozi nyingine?

Jibu: Msimhamishe! Kigutu husinyaa kadiri siku inavyokwenda, kikazama ndani ya kikombe (sehemu ya juu ya mguu wa bandia inayoshika kigutu) na ncha ikagonga chini. Aongeze soksi ya kigutu mchana, isiyo na mikunjo. Azifue kila jioni, zikauke kabisa. Akivua mguu, kagueni ngozi: kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, hivyo tafuteni doa jeusi, joto au uvimbe. Doa likidumu zaidi ya dakika 20, asiuvae, aende kwa fundi wa viungo bandia. Akihitaji soksi nyingi, kikombe kimemzidi, kitengenezwe kingine.

Jibu: Akanyage cherehani kwa mguu wake usiokatwa, maana wa bandia hauhisi kanyagio limefika wapi. Cherehani ya mkono inawezekana, ila mkono mmoja tu ndio unabaki kuongoza kitambaa. Akikaa bila mguu, wekeni ubao chini ya paja ufike mwisho wa kigutu, goti linyooke. Wengi hulipuuza hili, na goti likikakamaa limekunjika, mguu hauvaliki tena sawasawa.

Jibu: Uganda ilitangazwa haina mabomu ya ardhini Desemba 2012, lakini miguu ya bandia inaendelea kuchakaa, mtu mzima hubadilisha kila miaka 3 hadi 5 hivi. Nauli ya kwenda karakana iingie kwenye bajeti ya kozi.