Kozi ya Excel mtandaoni: video zipo, kundi lipo, lakini wiki ya 3 kimya. Tatizo ni chombo?

Fundi_Jedwali

Wakuu, naomba msaada wa kitaalamu. Kozi ni Excel ya msingi, wiki 6, wanafunzi 60, karibu wote wako kwenye simu na bando la kubana. Mpangilio wa sasa: Jumatatu video ya dakika 45 kwenye kundi la WhatsApp, Jumatano PDF, Ijumaa mjadala humo humo, mtihani mmoja mwishoni. Wiki ya kwanza kundi linachangamka. Ya tatu wanaoandika ni watu watano au sita, walewale. Nihamie Moodle (mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni)? Telegram? Au video ndiyo inayowachosha?

Mchora_Kozi

Ukihama na ratiba hiyo hiyo, utakuwa umehamisha ukimya tu. Angalia vizuri: tangu Jumatatu hadi mtihani, hakuna mahali mwanafunzi anapofanya kitu. Anatazama, anasoma, anaambiwa ajadili.

Anza kupanga kutoka mwisho. Chukua wiki ya 3: unataka aweze nini akiachwa peke yake na faili? Usiandike "aelewe tarehe kwenye Excel", maana kuelewa hakukabidhiwi. Andika kitu cha namna hii:

"Pakua faili lenye mistari 40 ya mauzo. Tarehe tatu kwenye faili hilo Excel inazichukulia kama maandishi. Zitafute, zirekebishe, rudisha faili pamoja na ujumbe wa sauti usiozidi sekunde 60 ukieleza ulizitambuaje."

Tarehe halisi, kama hakuna aliyebadilisha mpangilio, huegemea kulia mwa seli; maandishi huegemea kushoto. Aliyeelewa atakwambia "zilikuwa zimeegemea kushoto", au atataja ISNUMBER, fomula inayopima kama seli ina namba. Aliyenakili kwa mwenzake ataumbuka kwenye sauti. Ukishakuwa na kazi hiyo mkononi ndipo unajiuliza aonyeshwe nini ili aiweze, na jibu huwa ni dakika chache sana kuliko 45.

Hakikisha tu kazi yenyewe inafanyika kwenye simu. Jedwali lisizidi nguzo (safu wima) 4 au 5, vichwa viwe vifupi, na uijaribu wewe mwenyewe kwenye kioo kidogo kabla ya kuituma. Jedwali la nguzo 12 kwenye simu ni adhabu, na mwanafunzi ataona hawezi Excel kumbe hawezi kuona.

Vyombo vinafuata. Kila kimoja kipe kazi moja. WhatsApp iwe ya matangazo na "nimekwama hapa". Mafaili, kazi na alama zikae Moodle au Google Classroom. PDF ya Jumatano ikishafunikwa na jumbe 150 za salamu na stika, kwa mwanafunzi haipo tena. Na asiyeipata hatauliza, ataona aibu.

Sauti_na_Picha

Kuhusu video. Mtafiti Philip Guo na wenzake walichapisha mwaka 2014 uchambuzi wa vipindi milioni 6.9 vya watu kutazama video za kozi za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni. Muda wa kati wa kutazama haukuzidi dakika 6, video iwe na urefu wowote. Watu wameigeuza hiyo kuwa amri ya dakika sita. Sidhani ni amri, ila dakika 45 kwa mkupuo haziteteeki. Kata kwa kitendo: video moja, jambo moja analoenda kulifanya sasa hivi.

Halafu kuna kosa ambalo wengi hawalioni kwenye kompyuta zao. Video ya kioo cha Excel ukiirusha WhatsApp kama video, inabanwa, na namba za kwenye seli zinakuwa ukungu. Sauti inasikika safi, kwa hiyo mwalimu hapati malalamiko, lakini mwanafunzi haoni kama umeandika E1 au F1. Dawa yake:

- Kabla ya kurekodi, kuza laha hadi 150% au 200%, na urekodi eneo la seli unazotumia tu, si kioo kizima.
- Kioo cha Excel hakichezi sana, kwa hiyo fremu 10 kwa sekunde zinatosha. Ukilenga ukubwa wa picha wa 480p na jumla ya kama 450 kbps (kilobiti kwa sekunde), dakika moja inakula takriban MB 3.4. Video ya dakika 4 haifiki MB 14.
- Itume kama dokumenti, isibanwe tena.
- Fomula zote ulizotamka ziandike chini ya video kama maandishi, azinakili.

Maelezo yasiyo na cha kuonyesha yaweke kwenye sauti. Sauti ya 32 kbps ni KB 240 kwa dakika. Dakika 6 hazifiki hata MB 1.5. Uso wako pembeni mwa kioo, mkuu, samahani, ni bando tu linaloungua.

Mtunga_Maswali

Mtihani mmoja mwishoni ni hasara mara mbili: wewe hujui waliopotelea wapi, na wao hawapati zoezi la kukumbuka. Watafiti wa kumbukumbu Roediger na Karpicke walilipima hili mwaka 2006. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi kuliko waliojipima. Baada ya wiki moja mambo yakageuka, waliojipima wakawa mbele. Kwa hiyo weka maswali 4 au 5 baada ya kila video, na mawili kati yake yatoke wiki zilizopita.

Swali zuri ni lile ambalo kila jibu la makosa linataja kosa lenyewe. Mfano: C2 ina =B2*E1, na E1 ndiyo kiwango cha kodi. Ukiiburuta hadi C3 itasomeka vipi?

a) =B3*E2
b) =B3*E1
c) =B2*E1
d) #REF!

Jibu ni (a), na ndiyo maana hesabu inaharibika: E2 iko tupu, kodi inatoka sifuri. Aliyechagua (b) anadhani Excel inajua kuwa E1 ni kiwango kisichohama. Huyo mpeleke kwenye alama ya dola, $E$1, inayozuia rejeo lisihame. Aliyechagua (c) hajaelewa kabisa kwamba marejeo yanahama, arudi video ya kwanza. Wa (d), yaani ujumbe wa Excel wa rejeo lisilopatikana, anabahatisha. Ukiona watu 30 kati ya 60 wako (b), hapo video yako ndiyo yenye kasoro.

Moodle inakuruhusu kuandika maoni kwa kila jibu. Google Forms ina nafasi mbili tu, aliyepata na aliyekosa. Ukitaka kutenganisha makosa, tumia kile kipengele cha kumpeleka mtu sehemu nyingine ya fomu kulingana na alichochagua. Usiweke alama kubwa kwenye maswali haya. Zikizidi 10% ya kozi, majibu yataanza kutembea kwenye kundi la pembeni ambalo wewe humo.

Fundi_Jedwali

Asanteni sana. Hapo kwenye (b) nimejiona. Na mjadala wa Ijumaa je? Nimewawekea sharti "andika hoja moja, jibu wawili", ninachopata ni "nakubaliana nawe kabisa". Na kipindi cha moja kwa moja kina maana yoyote?

Mlezi_wa_Kundi

"Nakubaliana nawe" ni jibu halali kabisa kwa swali lenye jibu moja. Watu 60, kila mmoja jumbe 3, ni jumbe 180 siku moja. Hakuna atakayezisoma, hata wewe. Wagawe vikundi vya watu 6. Kila mtu ndani ya kikundi apewe faili tofauti kidogo: kwa mmoja tarehe ndizo mbovu, kwa mwingine kuna mistari iliyojirudia, kwa wa tatu VLOOKUP (fomula ya kutafuta kitu kwenye orodha) haina sehemu ya nne, ile inayodai ulinganifu kamili, na inaleta bei isiyo yenyewe kwa sababu orodha haijapangwa. Kazi: Jumatano kila mtu anaweka faili lake likiwa na kosa, Jumamosi kila mtu awe amegundua kosa kwenye faili la mwenzake na kueleza chanzo. Hapo hakuna pa kukubaliana.

Ukiwa Moodle, jukwaa la aina ya maswali na majibu humficha mtu michango ya wenzake mpaka aweke wake kwanza. Lakini mchango wake ukishaingia, wa wengine hauonekani papo hapo: unasubiri muda wa kuhariri upite, ambao kwa kawaida ni dakika 30. Waambie mapema, la sivyo utapokea jumbe 20 za "mwalimu, jukwaa limeharibika".

Kipindi cha moja kwa moja usikitumie kufundisha somo jipya. Dakika 30 hadi 40 za kufungua mafaili matatu ya wanafunzi, majina yakiwa yamefutwa, na kuyarekebisha hadharani. Zoom ya bure hukata kwenye dakika 40, na hilo ni jema. Rekodi, kata sehemu tatu, pakia.

Jambo jingine ambalo halikuulizwa: kwenye kundi la kawaida la WhatsApp namba ya kila mwanafunzi inaonwa na wote 60. Omba ridhaa kabla ya kuwaingiza, au tumia jumuiya ya WhatsApp, ambapo kwenye kundi la matangazo wanachama hawaonani namba.

Mchora_Kozi

Naongezea moja juu ya wiki ya 3. Usisubiri Ijumaa. Alhamisi asubuhi fungua orodha ya kazi, chukua majina ya ambao hawajapakua hata faili, uwaandikie faragha mmoja mmoja, sentensi mbili: "Faili la wiki hii linafunguka kwako? Umefika hatua ipi?" Usiwataje kwenye kundi. Asiyepakua mara nyingi ameishiwa bando au kiungo kimemgomea. Aliyepakua asirudishe, huyo amekwama kwenye somo. Ni maradhi mawili, na wa kwanza unamtibu kwa kumtumia faili moja kwa moja tu.

Fundi_Jedwali

Nimeelewa. Naanza na kazi za wiki 6 kwanza, video baadaye. Nitaleta hapa rasimu ya wiki ya 1 na 2 mzichane.